Ukumbi wa Kamĩrĩĩthũ Haukuwa na Paa

Majuzi nilikwenda kutazama mchezo wa vijana katika ukumbi wa jamii ambao sitautaja jina. Juu ni mabati matupu, kuta ni za saruji, chini ni simiti. Hata kabla mambo hayajaharibika, maneno yalikuwa yakigongana: neno la pili linatoka mdomoni na la kwanza bado linazunguka kule juu. Kisha mvua ikashuka. Vijana waliendelea kufungua midomo nasi tukaendelea kuwatazama, lakini hakuna aliyesikia kitu.

Mvua ilipokatika, mwenyekiti wa kamati alisimama akatangaza harambee ya kununua spika kubwa zaidi. Tulipiga makofi na mimi nilitoa changu. Njiani nikaanza kujuta kidogo, kwa sababu nilikumbuka Kamĩrĩĩthũ.

Wapenzi wa fasihi wengi wanaijua hadithi hiyo kwa upande wa siasa. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika Ngaahika Ndeenda kwa Kigĩkũyũ, wanakijiji wakaicheza, serikali ikaipiga marufuku, na Ngũgĩ wa Thiong'o akafungwa bila kushtakiwa. Hayo ni kweli. Ila kuna upande mwingine tunaoupita haraka: ule ukumbi wenyewe. Nani aliulipia, na watu walisikiaje?

Mwanzoni mwa 1977 kituo cha Kamĩrĩĩthũ, kule Limuru, kilikuwa na ekari nne za ardhi, nyumba moja ya udongo yenye vyumba vinne iliyokuwa ikibomoka, na nyasi. Hapakuwa na mfadhili wala mhandisi kutoka mjini. Wakulima, vibarua na watu wasio na kazi walipanga vijiti vya kiberiti ardhini, wakatengeneza kielelezo kidogo, halafu wakajenga kitu chenyewe kwa mikono yao. Jukwaa liliinuliwa, umbo lake nusu duara, na nyuma yake ukuta wa mianzi uliopinda vivyo hivyo. Viti vilikuwa mbao ndefu zilizopangwa kama ngazi. Ukumbi ulichukua zaidi ya watu elfu mbili. Haukuwa na paa.

Hebu tuutazame kwa masikio. Mahali pa wazi sauti hupotea haraka: ukienda mbali mara mbili, nguvu inayokufikia inabaki robo. Viti vya ngazi vinasaidia kwa sababu sauti haipiti ikisuguana na vichwa vya walio mbele, inakufikia moja kwa moja. Ukuta wa nyuma ya jukwaa, hata ukiwa wa mianzi yenye nyufa, hurudisha mbele sehemu ya sauti ambayo ingepotelea shambani. Na kwa kuwa hakuna paa, hakuna mwangwi wa kufunika maneno. Sidai kwamba wanakijiji walikaa wakapiga hesabu hizo. Nasema tu kwamba umbo walilochagua ni lile lile ambalo Wagiriki wa kale walilichagua milimani.

Mchezo ulifunguliwa kwa watazamaji wa kulipa Jumapili, tarehe 2 Oktoba 1977, chini ya uongozaji wa Kimani Gecaũ. Ngũgĩ ameandika kwamba mvua ilipokuja watu walikimbilia chini ya miti na mapaa ya jirani, ikikatika wanarudi kwenye viti vilivyolowa na waigizaji wanaendelea. Siku moja mchezo ulikatizwa mara tatu, na bado watu hawakwenda nyumbani. Siku nyingine baadhi ya waigizaji walipanda mikaratusi iliyokuwa nyuma ya watazamaji, wakaimbia huko juu. Hilo halikuwa limefanyiwa mazoezi. Wimbo ukawafikia watu kutoka mbele na kutoka nyuma.

Linganisha na Kenya National Theatre, Nairobi, jengo la 1952 lililojengwa wakati wa ukoloni. Mwaka 1976 The Trial of Dedan Kimathi iliigizwa pale baada ya mvutano mkali kuhusu siku, kwani ratiba ilikuwa imeshapewa maonyesho ya kigeni. Usiku wa kwanza waigizaji walitoka wakiimba katikati ya viti, watazamaji wakaungana nao, ngoma ikaishia nje barabarani. Ukumbi ule ulikuwa na paa, pazia na taa. Shida ilikuwa ni nani anaruhusiwa kusikika ndani yake.

Kamĩrĩĩthũ ililipa gharama yake. Kibali cha mchezo kilifutwa tarehe 16 Novemba 1977. Kikundi kiliporudi na Maitũ Njugĩra mwaka 1982, milango ya National Theatre ilifungwa, wakahamia Chuo Kikuu cha Nairobi kwa mazoezi yaliyofurika watu. Tarehe 12 Machi 1982 malori matatu ya polisi wenye silaha yalifika kijijini na kuubomoa ukumbi. Mtu habomoi mbao na mianzi kwa nguvu kiasi hicho kama hakuna sauti iliyokuwa ikifika mbali.

Sasa nirudi kwenye harambee yetu. Mwaka 1895 kijana mmoja wa fizikia pale Harvard, Wallace Sabine, aliagizwa atibu ukumbi wa mihadhara ambao neno moja lilidumu hewani zaidi ya sekunde tano. Hakuongeza kelele. Alibeba mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, usiku baada ya usiku, akapima jinsi sauti inavyopungua kila mito inapoongezwa. Aligundua kwamba vitu laini hunywa sauti, na miili ya watu pia. Kanuni yake ndiyo iliyotumika kujenga Symphony Hall ya Boston, iliyofunguliwa 1900.

Kwa hiyo spika kubwa katika ukumbi wetu zitakuza maneno na mwangwi kwa pamoja, halafu mvua itazishinda zote. Tunachohitaji ni dari chini ya mabati, yenye kitu kinene juu yake, na mapazia mazito ukutani. Trei za mayai, ambazo studio nyingi za mtaani huzibandika, hazisaidii sana. Ni nyepesi mno kwa sauti nzito. Viti vikipangwa kwa ngazi, fundi wa mbao wa hapa hapa anaweza, na vijana wanaweza kusaidia.

Nilimpigia mwenyekiti simu nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa, kijana wangu, nitawaambiaje watu wachangie kitu ambacho hakisikiki?" Nikamwambia awaambie kuhusu Kamĩrĩĩthũ. Kamati inakutana Jumamosi. Nimeagizwa nije na fundi wa dari, na nisichelewe.