Gitare ya vidole viwili: akordi na kubuni katika Katanga ya zamani

Wengine watauliza: gitare inatafuta nini ndani ya kitabu cha mila? Mababu walituachia ngoma, likembe na malimba. Gitare ililetwa na wageni. Ni kweli. Lakini mihogo na mahindi navyo vilitoka ng'ambo ya bahari, na leo hakuna mtu anayesema bukari si chakula chetu. Kitu kinakuwa mila siku watu wanapokipa namna yao wenyewe. Ndivyo ilivyokuwa kwa gitare huku kwetu.

Tuna sababu nyingine ya kuandika. Mara nyingi tunawasikia vijana wanaojifunza jazi wakisema: "Ile gitare ya wazee iko tu akordi tatu." Neno hilo linatuuma, tena linatuuma zaidi kwa sababu nusu yake ni kweli. Basi tulipime pole pole.

Tuanze na historia. Union Minière iliundwa mwaka wa 1906, na reli ikafika Elisabethville mwaka wa 1910. Wafanyakazi wakatoka kila upande: Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Ruanda-Urundi. Katika kambi Kiswahili kikawa luga ya wote, na gitare ikawa chombo cha kijana wa mji: ni nyepesi, mtu mmoja anaibeba, na mtu mmoja anatosha kuchezesha watu. Rafiki akipiga chupa kwa kijiti pembeni, orkestra imekwisha kutimia.

Mwezi wa pili 1952, Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimkuta kijana mmoja akipiga gitare barabarani Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Kijana huyo ni Jean-Bosco Mwenda, Muyeke, aliyezaliwa mwaka wa 1930 huko Bunkeya, musumba wa M'siri. Wimbo wake "Masanga" ukatoka kwa sahani na kufika mbali. Mwishoni mwa miaka ya 1950 yeye na ndugu yake Edouard Masengo walisikika hata Nairobi. Mwaka wa 1961 na 1962 mtaalamu David Rycroft aliandika makala mbili katika gazeti African Music, akichambua muziki wa Bosco nota kwa nota. Kichwa cha makala hizo kilitaja wazi ufundi wake wa kubuni papo hapo. Kumbe mtu wa akordi tatu alistahili makala mbili!

Sasa tuangalie mikono. Bosco alipiga kwa vidole viwili vya mkono wa kuume: kidole gumba na kidole cha shahada. Tuchukue akordi ya do. Gumba linakwenda na kurudi kati ya uzi wa tano, penye do, na uzi wa nne, penye mi. Halichoki wala halikimbii. Juu yake shahada inachagua sol kwenye uzi wa tatu, do kwenye uzi wa pili, mi kwenye uzi wa kwanza. Akordi haipigwi yote kwa mara moja. Inavunjwa na kugawanywa kwa wasemaji wawili, mmoja wa chini na mmoja wa juu.

Tena wimbo wa juu mara nyingi unatembea kwa sauti mbili pamoja: mi na sol, re na fa, do na mi. Mwenye masikio ataitambua desturi hiyo. Ni vile vile watu wetu wanaimba: mmoja anaanzisha, mwingine anaingia juu au chini yake, na wanakwenda sambamba mpaka mwisho. Sauti hizo zilikuwa kinywani mwa watu kabla ya kufika kwenye nyuzi.

Na kubuni je? Wimbo ni duara fupi la akordi chache linalorudi na kurudi. Kila raundi mpigaji anageuza kitu kidogo: anachelewesha nota, anaangusha shahada katikati ya mapigo mawili ya gumba, anahesabu tatu juu ya mbili. Asiyesikiliza vizuri atasema ni kitu kimoja tu. Anayecheza kwa miguu anajua kwamba si kimoja.

Jazi ilipita njia nyingine. Mpigaji wake mkubwa wa Ulaya, Django Reinhardt, alizaliwa Ubelgiji mwaka wa 1910. Moto wa mwaka wa 1928 ulimharibia vidole viwili vya mkono wa kushoto, akabaki kupiga solo kwa viwili vilivyobaki. Akordi moja aliyoitumia sana ni ile tunayoiita diminwe: si, re, fa, la bemoli. Kati ya sauti na sauti kuna nusu-sauti tatu, sawasawa kila mahali. Ndiyo maana ukiisogeza mkono nafasi tatu juu ya shingo ya gitare, unapata sauti zile zile, zimebadilisha tu viti. Kwa hiyo duniani kote kuna akordi diminwe tatu tu. Hapo nasi tunacheka kidogo: hata huko kuna tatu!

Kutokana nayo kuna ngazi ya sauti nane, inayopanda nusu-sauti, sauti nzima, nusu-sauti, sauti nzima. Juu ya akordi ya sol septiemu inakuwa: sol, la bemoli, si bemoli, si, do dieze, re, mi, fa. Mwenye jazi anaitumia kuongeza uchungu kabla ya kurudi nyumbani kwenye do. Uchungu unavuta, na kurudi kunatuliza.

Njia hizo mbili zilikutana katika inchi yetu. Mwaka wa 1953 Bill Alexandre, mpigaji jazi wa Ubelgiji, alifika Léopoldville kuongoza nyumba ya sahani CEFA, akaleta gitare ya umeme. Mwaka huo huo Kabasele aliunda African Jazz, na mwaka wa 1956 ikaja OK Jazz. Lakini neno "jazz" kwao lilimaanisha muziki wa kisasa zaidi kuliko jazi ya Amerika. Walichukua umeme na jina. Sebene waliitengeneza wenyewe, nayo pia ni duara.

Hapo ndipo jibu letu kwa vijana. Jazi inaweka mvutano ndani ya akordi. Wazee wa Katanga waliuweka ndani ya wakati, kati ya gumba na shahada. Kuhesabu akordi za Bosco ni kama kuhesabu maneno ya mwenye hekima: wingi si kipimo. Siku moja tulimwomba kijana mwenye elimu nzuri ya jazi ajaribu "Masanga". Akordi alizipata kwa dakika tano. Gumba lilimshinda jioni nzima. Alipoondoka hakurudia tena neno la akordi tatu.

Hatusemi jazi iachwe. Anayejua diminwe aijue vizuri, itamsaidia. Tunachoogopa ni kingine. Bosco alikufa kwa ajali ya gari huko Zambia mwaka wa 1990. Sahani zake zipo, lakini sahani haionyeshi vidole. Mwaka wa 1979 Mwingereza John Low alisafiri mpaka kwetu kuketi karibu na wazee hawa, Bosco mwenyewe na Losta Abelo, na mwaka wa 1982 akatoa kitabu juu ya safari hiyo. Mgeni alivuka bahari kutafuta kitu ambacho mutoto wetu angekipata kwa kuvuka barabara.

Basi tunaomba jambo dogo. Kama katika mtaa wenu kuna mzee anayepiga bado kwa vidole viwili, msimrekodi sauti tu. Mpigeni picha za mikono, mketi karibu naye, na mumuulize gumba linakwenda wapi. Akordi tatu tutazipata popote. Gumba lile, likienda, hatutalipata tena.