Kiasi cha Baruti: Ufundi wa Gobori katika Historia Yetu

Tunapozungumzia utamaduni wa taifa, aghalabu fikira zetu huelekea kwenye ngoma, ushairi, uchongaji na mavazi. Ufundi wa zana za uwindaji na za vita husahauliwa, au huachiwa waandishi wa kigeni. Nao wengi kati ya hao waliandika kwamba Mwafrika wa karne ya 19 aliipenda bunduki kwa kishindo chake tu, wala hakujua kuitunza, kuijaza wala kulenga shabaha. Katika insha hii tunakusudia kuitazama upya hukumu hiyo. Tutaonyesha kwamba wazee wetu waliifanya bunduki kuwa kazi ya mikono yao kwa kadiri ilivyowezekana, na kwamba kilichowashinda hatimaye hakikuwa shabaha, bali kiasi.

Lugha yetu yenyewe imehifadhi historia hii. Bunduki ya kwanza kujulikana pwani ilikuwa ya mrao, yaani ile iliyowashwa kwa utambi wenye moto. Baadaye ikaja bunduki ya gumegume, ambayo jiwe lake lilipiga chuma na kutoa cheche. Ikafuata bunduki ya fataki, iliyowashwa kwa kifuniko kidogo cha shaba chenye dawa ya kulipuka. Zote hizo zilijazwa kwa kupitia mdomo wa mtutu, na jina gobori likaenea kwa bunduki za namna hiyo. Mwisho ikaja bunduki ya viasi, inayojazwa kwa nyuma. Mtu anayeyajua majina hayo manne anayo mikononi mwake tarehe ya silaha katika nchi yetu.

Silaha hizo zilifika kwa njia ya biashara. Mkataba wa mwaka 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said uliwaruhusu Wamarekani kufanya biashara katika bandari zake zote, lakini uliweka sharti kwamba katika kisiwa cha Unguja bunduki, baruti na risasi ziuzwe kwa serikali peke yake. Sharti hilo latuonyesha jinsi bidhaa hizo zilivyothaminiwa tangu wakati huo. Baada ya mwaka 1860 majeshi ya Ulaya yaliacha gobori na kushika bunduki za viasi, kisha yakabadili tena na tena. Kila yalipobadili, silaha kuukuu zilitafutiwa soko, na soko mojawapo kubwa likawa pwani yetu. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja alikadiria kwamba silaha zilizoingia bara kutoka pwani hii zilikuwa kati ya 80,000 na 100,000 kwa mwaka. Bunduki hizo ziliuzwa ili zibadilishwe kwa pembe za ndovu na, kwa aibu ya historia, kwa binadamu.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Mwenye gobori alisimamisha bunduki yake kitako chini, akapima baruti, akaimimina katika mtutu. Akatia kitambaa au nyuzi za mti, kisha risasi, kisha akashindilia kwa mdeki mpaka vyote vikatulia chini. Ikiwa bunduki ni ya gumegume, alitia chembe chache za baruti katika kifa, yaani kile kibakuli kidogo kilicho kando ya mtutu. Ikiwa ni ya fataki, aliibandika fataki mahali pake. Hapo ndipo bunduki ilipokuwa tayari kwa mlio mmoja tu. Askari wa Ulaya waliofunzwa kwa miaka waliweza kupiga mara tatu hivi kwa dakika kwa bunduki ya namna hiyo. Mwindaji mbele ya ndovu hakuwa na dakika hiyo. Mlio wake wa kwanza ulipaswa kutosha.

Jambo kubwa katika kazi hiyo lilikuwa kipimo. Baruti ikiwa kidogo, risasi haikufika. Ikizidi, mtutu uliweza kupasuka na kumjeruhi mwenyewe. Hatari hiyo ilikuwa kubwa zaidi kwa kuwa bunduki nyingi zilizoletwa zilikuwa za bei rahisi, au zimekwisha tumika miaka mingi. Ni kweli kwamba wasafiri waliwaona wapagazi wakitia baruti kwa konzi na kupiga hewani msafara ulipoingia mjini. Lakini hiyo ilikuwa salamu na fahari ya msafara. Kuupima ustadi wa mwindaji kwa milio ya salamu ni sawa na kuupima ustadi wa malenga kwa vigelegele vya harusini.

Pamoja na kipimo kulikuwa na usafi. Baruti nyeusi haiungui yote ikawa moshi; zaidi ya nusu yake hubaki kuwa masizi na chumvichumvi. Uchafu huo huvuta unyevu hewani na kuleta kutu kwa haraka, hasa katika masika na katika hewa ya pwani. Tena huziba njia, hata risasi ya pili ikashindiliwa kwa taabu kuliko ya kwanza. Kwa hiyo gobori ilitaka kuoshwa kwa maji, kukaushwa barabara na kupakwa mafuta. Tundu la moto nalo lilitaka kuzibuliwa, kwani likizibwa na masizi, baruti ya nje huwaka na ile ya ndani isipate moto. Bunduki iliyotengenezwa Ulaya ikanunuliwa kuukuu, kisha ikaendelea kulia hapa nchini miaka mingi, ni ushahidi tosha kwamba kulikuwa na mikono iliyoitunza.

Mikono hiyo haikuwa ya mwindaji peke yake. Nchi yetu ilikuwa na wahunzi hodari kabla ya gobori kufika. Wafipa walijenga matanuri marefu kuliko mtu ya kuyeyushia mawe ya chuma. Wazinza na Wapare nao walisifika kwa majembe na mikuki. Risasi ya madini laini ilipokosekana, vipande vya chuma vilitumiwa mahali pake.

Hapa ndipo tunapopata jibu moja la lawama ya kukosa shabaha. Mtutu wa gobori nyingi ni laini ndani, hauna mifereji ya kuizungusha risasi ili inyooke. Risasi nayo ilikuwa ndogo kuliko tundu, ili ipite hata penye masizi. Ikitoka, iligonga upande huu na upande ule, na mwelekeo wake wa mwisho haukuweza kuaminika. Kipande cha chuma kisicho duara kilizidisha upotevu huo. Hata jeshi la Uingereza lilipotumia silaha ya aina hii halikutegemea kumpiga mtu mmoja aliye mbali zaidi ya mita 100. Mlengaji mwema wa gobori basi alikuwa yule aliyejua kunyata hadi karibu, kusubiri mnyama ageuze ubavu, kutuliza pumzi, na kuushika mkono usitikisike kati ya cheche ya kifa na mlio wa mtutu. Lengo lake lilikuwa kupunguza masafa, wala hakuona haya kwa hilo.

Kwa upande wa utawala, baruti ilikuwa siasa. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki mwaka 1884, alijenga dola yake kwa vijana wa rugaruga wenye mikuki na gobori. Tangu mwaka 1871 alipigana na Waarabu wa Unyanyembe, na shabaha kuu ya vita hivyo ilikuwa njia ya misafara. Tusidhani kwamba njia hiyo ilikuwa ya pembe tu. Ndiyo iliyoleta baruti kutoka pwani, na mtawala aliyefungiwa njia alibaki na bunduki zisizolia. Mirambo alilitambua hilo mapema.

Kisha ikaja bunduki ya viasi, na mambo yakageuka. Neno kiasi, lililokuwa kipimo alichokipima mwindaji kwa mkono wake, sasa likawa jina la ganda la shaba lililokwisha kupimiwa kiwandani, lenye fataki, baruti na risasi pamoja. Aliyekuwa nalo alipiga mara nyingi kwa dakika, hata akiwa amelala kifudifudi. Ganda tupu laweza kujazwa tena, lakini lahitaji fataki mpya na vyombo vya kulirudishia umbo lake. Na dawa ya fataki haikupatikana katika kiriba cha mhunzi. Mataifa ya Ulaya yaliielewa tofauti hiyo vizuri. Katika Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai, 1890, yalizuia bunduki za viasi na za mifereji zisiuzwe kwa Waafrika, yakaacha mlango kwa gumegume na baruti ya kawaida, tena chini ya ulinzi wa ghala za serikali. Walitangaza kwamba nia ni kukomesha biashara ya watumwa. Matokeo yake yalikuwa pia kumwacha Mwafrika na silaha ya jana mbele ya mvamizi mwenye silaha ya leo.

Matokeo hayo yalionekana upesi. Tarehe 17 Agosti, 1891, huko Lugalo, Wahehe walilishinda jeshi la Zelewski, kwa mikuki zaidi kuliko kwa risasi, wakateka bunduki kama 300 na mizinga mitatu. Ushindi ulikuwa mkubwa. Lakini kila kiasi kilichopigwa hakikuwa na mwenzake wa kukirithi. Januari 1893 Mtemi Isike, ngome yake ya Tabora ilipovunjwa, aliilipua ghala yake ya baruti ili asitekwe hai. Kalenga ikaanguka tarehe 30 Oktoba, 1894, na tarehe 19 Julai, 1898 Mkwawa alijipiga risasi kuliko kujisalimisha. Katika Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, watu wetu wenye mikuki na gobori walikabiliwa na bunduki za rashasha huko Mahenge. Ushujaa haukupungua mahali popote katika orodha hii.

Anayedhani kwamba udhaifu huo ulikuwa wa Mwafrika peke yake na autazame upande wa pili. Vita vya mwaka 1914 vilipoanza, askari wengi wa Wajerumani hapa nchini walishika bunduki za mtindo wa 1871, ambazo moshi wake uliwafichua kwa adui. Wakiwa wamekatiwa njia ya bahari, Wajerumani nao waliishi kwa silaha za kuteka: Tanga mwaka 1914 kutoka kwa Waingereza, na Ngomano mwaka 1917 kutoka kwa Wareno. Waliposalimu amri Abercorn, Novemba 1918, bunduki walizozitoa zilikuwa za adui zao. Jeshi lililofunzwa Ulaya, likikosa kiwanda, lilifika palepale alipofika Mkwawa.

Hatuandiki haya ili kutukuza silaha. Tangu sheria ya mwaka 2015 umiliki wa bunduki unasimamiwa kwa masharti makali, na gobori isiyo na kibali ni hatari kwa jirani na kwa wanyama wa mbugani. Tunaandika kwa sababu ustadi wa kutunza, kupima na kulenga ni sehemu ya akili ya taifa hili, nao umeonewa katika vitabu. Historia yake inatufundisha kwamba mtu aweza kuwa fundi hodari wa chombo na bado akawa mateka wa yule anayetengeneza kinachokilisha chombo hicho. Yafaa basi wachunguzi wetu wawaendee wazee wa Urambo, Iringa na Mahenge, wayakusanye maneno ya kazi hii, mrao, kifa, mdeki na kiasi, yangali na watu wanaoyakumbuka.