Walimu wa Kiislamu: Waliobaki na Walioondoka

Kilima cha Nsambya kinatazamana na kilima cha Kibuli. Cha kwanza Kabaka Mwanga aliwapa Mapadre wa Mill Hill mwaka 1895. Cha pili ni makao mashuhuri ya Waislamu. Mwenye kutaka kujua kwa nini mwalimu hudumu katika kazi yake au huiacha, na aanzie baina ya vilima hivi.

Serikali ya Kiingereza iliunda Idara ya Elimu mwaka 1925, na misaada yake ilipitia zaidi mikononi mwa wamisheni. Mwalimu wa misheni alikuwa na chuo cha kumfunza, hati na mshahara wa kujulikana. Mwalimu wa Kurani aliishi kwa ada ndogo na hidaya za wazazi: mkungu wa ndizi, kuku, pengine kanzu wakati wa Idi. Chakula hakikukosekana, ila kodi ya kichwa haikulipwa kwa ndizi. Basi wengi waliojua kusoma na kuandika walielekea kwenye bucha, biashara ndogo na udereva, kazi ambazo Waislamu wa Uganda walijulikana kwazo. Wasilaumiwe upesi, mwenye watoto hana budi kuwalisha.

Katika miaka ya 1940 Jumuiya ya Elimu ya Waislamu wa Uganda, ikiongozwa na Mwana wa Mfalme Badru Kakungulu, ilishika kazi ya kuendeleza shule. Mwaka 1945 Aga Khan aliasisi Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, nayo ikasaidia kujenga misikiti na madarasa. Majengo yakasimama. Lakini ukuta hausomeshi, na fedha ya kujengea hutolewa mara moja, hali mshahara hudaiwa kila mwezi.

Kamati ya de Bunsen, ya 1952 hadi 1953, ilishauri walimu wafunzwe na walipwe vizuri zaidi. Baada ya uhuru, Sheria ya Elimu ya 1963 ikaweka shule za misaada chini ya Serikali, za msikiti na za kanisa pamoja.

Usawa huo haukutosha. Miaka ya 1970 bei zilipanda mpaka mshahara ukawa jina tu. Wengi wakavuka kwenda Kenya, na waliobaki walishika chaki asubuhi na jembe jioni.

Juni 2022 walimu waligoma tena. Mwalimu wa sayansi wa sekondari mwenye shahada aliahidiwa shilingi milioni 4 kwa mwezi, na mwenziwe wa historia, mwenye shahada kama yake, akaachwa na kama milioni 1.