Jinsi mimea na vijiumbe vinavyotumika kutengeneza chembe nano za fedha

KAMPALA – Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere ni miongoni mwa wanasayansi wanaotumia mimea kutengeneza chembe nano za fedha, yaani punje ndogo mno za madini yaleyale yanayofuliwa pete na bangili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, walitumia majani ya chai na mti wa Prunus africana, unaojulikana kwa Kiganda kama entaseesa. Chembe walizozipata zilizuia ukuaji wa bakteria maabarani.

Kazi hiyo inafanyika wakati viuavijasumu vingi vinapungua nguvu. Utafiti wa kimataifa ulikadiria kuwa watu milioni 1.27 walifariki dunia mwaka 2019 kutokana moja kwa moja na bakteria sugu, huku Afrika Kusini mwa Jangwa la Sahara ikielemewa zaidi.

Chembe nano ni nini?

Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Chembe nano huwa na ukubwa wa kati ya nanomita 1 na 100, ilhali unene wa unywele wa binadamu hufikia makumi ya maelfu ya nanomita. Fedha ikigawanywa kiasi hicho, sehemu kubwa ya madini hubaki usoni mwa chembe na kutoa ayoni kwa urahisi. Ayoni hizo huharibu utando wa bakteria na kuvuruga protini zake. Kwa kuwa hushambulia sehemu kadhaa kwa pamoja, bakteria hupata shida zaidi kujikinga.

Mmea unafanya kazi gani?

Njia ya kawaida ya kikemia mara nyingi hutumia kemikali kali. Katika njia ya mimea, majani au magome huoshwa, hukaushwa, husagwa na kuchemshwa, kisha maji yake huchujwa na kuchanganywa na myeyusho wa nitrati ya fedha. Polifenoli na flavonoidi za mmea huipa ayoni ya fedha elektroni na kuigeuza kuwa madini. Viambato vya mmea pia huzizunguka chembe hizo ili zisishikamane.

Dalili ya kwanza ni rangi: mchanganyiko hugeuka kuwa wa manjano, kisha kahawia. Baadaye chembe hupimwa kwa vifaa vya ufyonzaji wa mwanga na kutazamwa kwa hadubini ya elektroni.

Vijiumbe navyo?

Mwaka 1999 wanasayansi walieleza jinsi bakteria aina ya Pseudomonas stutzeri, aliyepatikana katika mgodi wa fedha, anavyohifadhi fuwele za fedha ndani ya seli yake. Kuvu aina ya Fusarium oxysporum hutengeneza chembe nje ya seli, jambo linalorahisisha kuzikusanya. Hata hivyo, vijiumbe huhitaji kukuzwa katika mazingira safi na kwa muda mrefu, ilhali maji ya mmea yanaweza kutumika siku hiyohiyo.

Bado si dawa

Kuua bakteria katika chombo cha maabara si sawa na kumponya mgonjwa. Chembe hizo zinaweza pia kudhuru seli za binadamu na viumbe wa majini, na baadhi ya bakteria tayari wana jeni za kuhimili fedha. Aidha, viambato vya mmea hubadilika kulingana na udongo na msimu, hivyo ni vigumu kupata chembe zinazofanana kila mara. Kunywa maji yenye fedha bila ushauri wa daktari ni hatari: fedha ikirundikana mwilini huweza kuigeuza ngozi kuwa ya kijivu daima.

Malighafi nayo yana mipaka. Tangu mwaka 1995 biashara ya kimataifa ya Prunus africana inadhibitiwa na mkataba wa CITES, kwa sababu kubandua magome kupita kiasi huua mti. Majani ya chai, ambayo huchumwa na kuchipua tena, hayana tatizo hilo.