Godoro la 3 by 6 na lile swali la "ni wewe peke yako?"

Wiki mbili zilizopita niliingia duka la magodoro huku Eastlands nikiwa na elfu saba mfukoni na mpango mmoja tu: kustaafisha godoro langu la kidato cha kwanza. Muuzaji hakuniuliza kama mgongo unauma, wala hakujali urefu wangu. Aliniangalia mara moja akauliza, "Ni wewe peke yako?"

Nikasema ndiyo. Mkono wake ukaenda moja kwa moja kwa 3 by 6.

Siku ya kawaida ningelipa, niite boda, niende nyumbani. Lakini mwezi huo kukhu alikuwa ametoka kwangu. Alikuja Nairobi kuona daktari wa macho, akalala kwa keja yangu siku nne. Keja ni chumba kimoja, futi kumi kwa kumi, na ndani kuna godoro moja la 3 by 6. Nilimpa kitanda, mimi nikatandika leso mbili na koti sakafuni.

Usiku wa pili niliamka saa nane nikamkuta amelala ukingoni kabisa, amegusa ukuta. Alikuwa ameniachia nafasi. Nafasi yenyewe ingetosha paka, lakini alikuwa ameiacha.

Asubuhi nikamwambia, "Kukhu, ungelala tu vizuri, mimi niko sawa chini." Akacheka, akasema amezoea. "Kuka yako alikuwa na kitanda kama hiki hapa Nairobi. Mimi nilikilalia mara moja tu."

Mara moja. Kuka alifanya kazi Nairobi tangu 1958 hadi alipostaafu. Hapo ndipo nilianza kuuliza maswali, na ndiyo maana leo nawaandikia historia ya godoro. Msinicheke, nisomeni hadi mwisho, mtatoka pia na saizi yenye inawafaa.

Tuanze kabla ya saizi. Zamani godoro halikuwa na namba. Pwani watu walilala kwenye vitanda vya kusukwa kwa kamba, na godoro likashonwa kufuata kitanda, likajazwa sufi, ile pamba laini ya mti wa msufi, au makumbi ya nazi. Bara, familia nyingi zililalia ngozi na nyasi, na kitanda kilijengwa ndani ya nyumba kulingana na wenye nyumba. Ukiwa na watoto watatu wanalala pamoja, unatengeneza pa kutosha watoto watatu. Hakuna mtu alikuuliza kama uko peke yako. Kwanza kulala peke yako lilikuwa jambo la kushangaza.

Halafu ikaja Nairobi. Reli ilifika hapa 1899, na mji ukakua kando yake. Mji ulihitaji mikono ya kubeba, kujenga, kufagia na kupika, lakini serikali ya kikoloni haikutaka wenye hiyo mikono wahamie na wake na watoto wao. Mwafrika alihesabiwa kama mgeni wa muda: aje, afanye kazi, arudi mashambani. Kutoka mwanzo wa miaka ya 1920, mwanaume alitembea na kipande, karatasi za kazi ndani ya kijibati kilichoning'inia shingoni. Ukipatikana mjini bila kazi ungeweza kurudishwa kwenu.

Sasa fikiria wewe ni mwajiri au afisa wa mji huo. Unajengea mtu kama huyo nini? Humjengei nyumba. Unampa mahali pa kuweka mwili usiku. Shirika la reli lilijenga safu za vyumba vya wafanyakazi zilizoitwa landhi, ndiyo maana hadi leo tuna barabara ya Landhies. Mwaka 1929 halmashauri ya mji ilijenga mabweni Kariokor, mtaa uliopata jina lake kutoka kwa wapagazi wa Carrier Corps wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Pale hukukodi nyumba wala chumba. Ulikodi nafasi ya kitanda.

Soma hiyo tena polepole. Kodi ilikuwa ya kitanda, cha mtu mmoja.

Si kwamba kila mtu alikubali. Pangani ya zamani na Pumwani zilijaa nyumba zilizojengwa na Waafrika wenyewe, na wenye nyumba wengi walikuwa wanawake, waliopangisha vyumba na kuishi mjini kwa masharti yao. Pangani hiyo ya zamani ikabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na wengi wakapelekwa Shauri Moyo. Baada ya Vita vya Pili ikajengwa Kaloleni, mtaa uliopangwa kwa familia, wenye bustani na ukumbi. Lakini nyumba kama hizo zilikuwa chache sana, na foleni ilikuwa ndefu.

Kwa nini basi mambo yalikaa hivyo miaka yote? Jibu liko kwenye mshahara. Mshahara wa chini kabisa ulipigiwa hesabu ya mahitaji ya mwanaume mmoja: chakula chake, nguo zake, kitanda chake. Watoto hawakuwa kwenye hesabu, kwa sababu ilichukuliwa kwamba mke yuko mashambani, analima na anawalisha. Hii si stori ya mtaani. Mwaka 1954 kamati ya serikali yenyewe kuhusu mishahara ya Waafrika, ile ya Carpenter, ilikiri kwamba mshahara ulikuwa wa mtu asiye na familia, ikapendekeza uongezwe pole pole hadi ufike kiwango cha kulea familia.

Kwa hivyo jembe la kukhu lilikuwa likilipa sehemu ya mshahara wa kuka, na bosi wake hakuwahi kumjua.

Kuka alifika miaka minne baada ya hiyo ripoti. Alipata kazi ya ujenzi na kitanda ndani ya chumba cha wanaume wanne. Kukhu alimtembelea 1961, akiwa na mtoto wao wa kwanza mgongoni. Wale wanaume wengine watatu, kwa heshima, walitoka wakaenda kubanana kwa marafiki. Usiku wa pili vilevile. Siku ya tatu mmoja akarudi akiwa na homa, na kukhu akaona haya. Akafunga mzigo, akapanda basi, akarudi Kakamega. Hakulala tena Nairobi hadi kuka alipostaafu, na hata baada ya hapo alikuja tu kwa hospitali na kwa matanga.

Kuna kitu huwa tunachekea nyumbani. Baba ni wa Septemba. Shangazi zangu wawili ni wa Septemba. Amu mdogo ni wa mwanzo wa Oktoba. Tukiwa watoto tuliita Septemba mwezi wa keki. Kukhu akiwa amekaa kwa hilo godoro langu ndipo aliniambia, bila hata kubadilisha sauti, "Likizo yake ilikuwa Desemba." Nikahesabu kwa vidole. Sikucheka.

Ungefikiria uhuru ulimaliza haya mambo. Vikwazo vya kuishi mjini viliondoka, familia zikaja. Lakini vyumba vilikuwa vilevile, na vipya vikajengwa kwa akili ileile. Keja za mabati za kumi kwa kumi zilizojaa Nairobi ni chumba cha mfanyakazi mmoja, sema tu sasa kinalala watu watano. Hata payslip yako ina alama ya hiyo historia. Ile marupurupu ya nyumba iko hapo kwa sababu sheria ya ajira ya 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri akupe makazi yanayofaa au akulipe pesa za kutosha kukodi. Ni wazo lililotoka enzi za landhi: mwajiri ndiye anawaza mahali mfanyakazi analala.

Halafu kuna sisi. Wengi wetu tulinunuliwa godoro la kwanza kwa sababu ya karatasi ya shule ya bweni: sanduku, ndoo, blanketi, godoro la 2.5 by 6 au 3 by 6 la kutoshea deka. Bweni tena. Ukimaliza shule, godoro linaenda nawe hosteli ya chuo. Ukipata kazi, linaingia bedsita. Unafika miaka ishirini na tano bado unalalia kipimo kilichoandikwa na shule yako, na ukienda kununua lingine unaitisha lilelile. Mimi nilikuwa karibu kufanya hivyo.

Teknolojia nayo ikakaza mambo. Povu tunalolalia liligunduliwa Ujerumani 1937 na Otto Bayer na wenzake, na lile laini la magodoro likaenea kuanzia miaka ya 1950. Kiwandani povu huumuka kama unga wa mandazi, linatoka bonge refu sana, halafu linakatwa. Kukata ni rahisi ukiwa na saizi chache. Hapo ndipo mambo yaligeuka: zamani godoro lilifuata kitanda, leo fundi anakuuliza godoro ni saizi gani ndiyo akupigie kitanda. Nchi ilihamia mita na kilo baada ya uhuru, lakini magodoro yalibaki kwa futi za Mwingereza.

Sasa tuongee hesabu, maana historia bila pesa mfukoni haikununulii kitu.

3 by 6 ni sentimita 91 kwa 183. Inamtosha mtu mmoja asiyezunguka sana. Ukilala umejikunja au umetanua mikono, goti litaning'inia.

4 by 6 ni sentimita 122. Wauzaji wengi watakuambia ni ya wapenzi. Gawanya kwa mbili: kila mtu anapata 61. Kitanda cha kawaida cha mtoto mchanga kina upana wa karibu 60. Yaani nyinyi watu wazima wawili mnalala kila mtu kwa kitanda cha mtoto. Kwa mtu mmoja lakini, 4 by 6 ni raha tupu.

5 by 6 inampa kila mmoja wa wawili sentimita 76. Hapo mnaweza kugeuka bila mkutano. 6 by 6 ni 3 by 6 mbili zimeunganishwa, na kama mna mtoto anayehamia kwenu usiku, mtaishukuru.

Urefu ndio watu husahau. Karibu zote ni futi sita, na unafaa kuwa na nafasi ya kiganja hivi zaidi ya urefu wako. Ukipita futi tano na inchi nane unaanza kulala kwa mshazari, na mshazari unakula upana. Warefu, ulizeni kama duka linaweza kuagiza la kukatwa kwa kipimo chenu, lakini hakikisheni fundi wa kitanda anajua mapema.

Halafu pima chumba. Kwa kumi kwa kumi, 6 by 6 ikisukumwa kwenye kona inakuachia futi nne kila upande, kabla hujaweka jiko, ndoo na meza. 5 by 6 inakuachia tano kando. 4 by 6 inakuachia sita. Kumbuka mbao za kitanda zinaongeza inchi kadhaa, na mlango unafunguka kuelekea wapi? Chora sakafuni kwa chaki. Mimi nilichora, nikalala ndani ya mchoro kama maiti ya kwenye filamu. Jirani alinipata hivyo, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.

Tena usinunue pana halafu jepesi. Godoro la 5 by 6 lililobonyea katikati ni 3 by 6 yenye mteremko.

Najua mwingine atasema, "Buda, ni pesa tu. Ukikosa pesa unachukua 3 by 6, kwisha." Ni kweli, na sina cha kukuuzia. Mtu analala kwa kile anaweza. Lakini kuka pia aliambiwa ni hesabu tu, na hesabu hiyo ilikuwa imepigwa na mtu aliyeamua mapema kwamba kukhu hayumo. Ukiwa na uwezo wa kuongeza hata futi moja, jiulize nani hayumo kwenye hesabu yako. Labda ni mchumba, mdogo wako anayekuja kutafuta kazi, au nyanya mwenye miadi na daktari wa macho. Labda ni mgongo wako mwenyewe.

Nilirudi kwa yule muuzaji. Akauliza tena, kwa upole tu, kama ni mimi peke yangu. Nikamwambia, "Mara nyingi." Nikachukua 4 by 6, nzito, ya inchi nane, na ilibidi niongeze pesa nilizokuwa nimewekea viatu. Fundi amenipigia kitanda chenye miguu mirefu. Lile la zamani la 3 by 6 halikutupwa. Nililianika jua siku mbili, nikalishonea foronya mpya, nikalisukuma chini ya kitanda.

Kukhu ana miadi nyingine mwezi ujao. Nimemwambia kwa simu atalala katikati. Akauliza, "Na wewe je?" Nikamwambia niko na langu.

Kama bado uko na babu au nyanya, mpigie leo umuulize mtu wa kwenu aliyefika Nairobi kwanza alilala wapi, na nani alibaki nyumbani.