Ilungu, COBOL na Nguvu ya Lugha

Ukikaa na vijana wanaoandika programu hapa Sumbawanga, haipiti nusu saa ubishi haujaanza. Python ni bora kuliko Java. Hapana, Java ndiyo yenye nguvu. JavaScript hiyo si lugha, ni balaa. Mimi ni mwandishi wa habari, sina timu, ila nimegundua kwamba neno linalobishaniwa, "nguvu", kila mmoja ana maana yake.

Jibu moja lilitolewa kabla kompyuta tunazozijua hazijakuwepo. Mwaka 1936 Alonzo Church wa Marekani na Alan Turing wa Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, walieleza maana ya kukokotoa. Njia zao hazikufanana hata kidogo, lakini Turing alionyesha kwamba zinafika mahali pamoja: kinachowezekana kwa moja kinawezekana kwa nyingine. Karibu lugha zote za programu za leo ziko hivyo. Kwa hesabu hiyo zote sawa, ubishi umekwisha, twende nyumbani.

Lakini hebu tupite kwanza uwandani. (Najua watu wa Dar wakisikia Sumbawanga wanawaza uchawi tu. Leo nazungumzia chuma.) Ufipa bado kuna mabaki ya malungu, matanuru ya udongo yanayozidi kimo cha mtu. Ilungu halikuhitaji mivukuto. Kwa urefu wake lilijivutia hewa lenyewe kupitia mirija iliyopangwa chini. Kilichotoka humo kilikuwa bado kichafu, kikapelekwa kwenye tanuru dogo, kintengwe, ambako sasa mivukuto ilifanya kazi, na baada ya hapo ndipo mhunzi akapata kitu cha kufua. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda ameifanyia utafiti wa miaka mingi kazi hii ya Wafipa. Wahaya wa Kagera, kwa upande wao, walivukuta tangu hatua ya kuyeyusha. Jembe la huku lililima, la kule nalo lililima. Mfipa alilipa jasho lake mapema, kwenye kujenga tanuru refu. Mhaya alililipa kwenye mikono ya wavukutaji.

Ndivyo ilivyo kwa lugha za kompyuta. Fortran ya IBM, 1957, ilimpunguzia mhandisi mzigo wa kuandika kanuni zake za hesabu. Lisp, aliyoianza John McCarthy mwaka 1958, ilifanya amri zenyewe ziweze kushikwa na kupangwa kama data. COBOL, iliyoanza kubuniwa mwaka 1959, ilikusudiwa isomeke kama sentensi za Kiingereza ili hata meneja aelewe mshahara wa wafanyakazi unavyokokotolewa.

Aliyelipa swali hili kipimo ni Matthias Felleisen, kwenye makala aliyochapisha mwaka 1991. Kwa lugha nyepesi, hoja yake ni hii. Tuseme lugha yako ina kitu ambacho yangu haina. Kama naweza kuweka mbadala palepale kinapotajwa, bila kugusa sehemu nyingine ya programu, basi hujanizidi. Umefupisha tu maneno. Lakini kama kukosa kitu hicho kunanilazimisha kuibomoa programu nzima na kuijenga upya, hapo kweli umenizidi nguvu.

Kipimo hicho kilinishtua kwa sababu ambayo Felleisen hakuifikiria. Tangu niko shule nimesikia kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi kwa kuwa hakina maneno. Sasa, neno linalokosekana ndilo pengo jepesi kuliko yote. Unaweka "kompyuta", unaweka "kikokotoo", au unaeleza kwa maneno matatu palepale, na sentensi inaendelea. Kwa kipimo cha 1991, hoja ya kukosa istilahi haina uzito.

Historia nayo inasema hivyohivyo. Grace Hopper, ambaye kazi yake iliizaa COBOL kwa kiasi kikubwa, aliwahi kuwaonyesha wakubwa wake programu yenye amri za Kiingereza, halafu ileile kwa Kifaransa, halafu kwa Kijerumani. Kwa mashine ni alama tu, hata ungeandika lugha gani. Wakubwa wakaogopa. Kompyuta ya Kimarekani iongee Kifaransa! Mpango ukabaki kwenye Kiingereza. Sababu haikuwa ya kiufundi.

Kwetu kompyuta ya kwanza ya serikali, aina ya ICT 1500, ilifungwa Hazina mwaka 1965. Mwaka 1967 Kiswahili kikapewa shule za msingi, na mwaka huohuo BAKITA ikaanzishwa. Mambo hayo mawili yalipita kama wageni kwenye basi moja. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ilibidi tusubiri mpaka 2004 ndipo mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukatoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili.

Na hapo ndipo pengo la kweli linapoonekana, yaani lile la kubomoa nyumba. Programu nyingi zimejengwa kwa ujumbe wenye nafasi wazi: jina la kitu, kisha neno moja la Kiingereza, "deleted". Mwingereza anajaza chochote hapo. Sisi je? Faili limefutwa. Picha imefutwa. Kitabu kimefutwa. Ujumbe umefutwa. Mtumiaji amefutwa, maskini. Huwezi kulitafsiri neno hilo moja palepale, kwa sababu kiambishi chake kinategemea ngeli ya jina ambalo mtafsiri halioni. Vifaa vingi vya kutafsiri programu vinajua umoja na wingi, ngeli hazimo. Ndiyo maana simu nyingi zinaongea Kiswahili kama mgeni aliyeshuka jana. Lawama anabebeshwa mtafsiri, wakati waliopanga sentensi vipandevipande ndio walioamini kila lugha imeumbwa kama yao.

Dawa si ngumu. Kila jina litunzwe pamoja na ngeli yake, na programu iwe na jedwali la viambishi: a- na wa-, ki- na vi-, li- na ya-, i- na zi-. Kitenzi kiundwe mwishoni, jina likishajulikana. Ukishajenga hivyo kwa Kiswahili, Kifipa nacho kina ngeli, Kimambwe kina ngeli, Kinyamwanga kina ngeli. Unabadilisha jedwali, tanuru linabaki lilelile.