Haba na Haba Bombani

Tangu Aprili 2016, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipoiruhusu kampuni ya Janssen kuacha kutengeneza vidonge vya darunavir, dawa ya VVU, kwa mkupuo na kuanza kuvitengeneza kwa mfululizo, majarida ya famasia yamekuwa yakiisifu teknolojia ya mtiririko kana kwamba imezaliwa jana. Jambo lenyewe linaelezeka upesi. Kwa desturi ya zamani malighafi hujazwa katika pipa kubwa, hukorogwa, hupashwa moto, husubiriwa kwa saa kadhaa, kisha pipa humwagwa lote. Katika kemia ya mtiririko malighafi husukumwa na pampu ndani ya mirija, hukutana na kumenyuka zikiwa safarini, na zao hutoka upande wa pili bila kukoma. Sifa inayotajwa kwanza ni kasi, na ya pili ni gharama. Zote mbili ni za kweli, ila zimepewa kiti cha mbele kisicho chao. Anayeifuatilia historia ya viwanda vya kemikali kwa karne moja na nusu ataona kwamba badiliko zito zaidi, kila mrija uliposhika nafasi ya pipa, lilikuwa kiasi cha kitu cha hatari kinachokaa chomboni kwa wakati mmoja.

Pingamizi la kwanza linatoka kwa waanzilishi wenyewe, ambao hawakusukumwa na hofu ya mlipuko. Ernest Solvay wa Ubelgiji alipata hataza yake ya kutengeneza magadi mwaka 1861 na kiwanda chake cha Couillet kikaanza kazi mwaka 1865. Kabla yake magadi ya viwandani yalitengenezwa kwa njia ya Leblanc, tanuri baada ya tanuri, huku gesi ya asidi ya hidrokloriki ikikausha miti na mashamba ya jirani hata Uingereza ikalazimika kutunga sheria ya kuidhibiti mwaka 1863. Katika mnara wa Solvay maji ya chumvi yenye amonia yalishuka, kaboni dioksidi ikapanda, na amonia ikarudishwa kazini. Mnara ulishinda kwa bei. (Brunner Mond, kampuni iliyoingiza mbinu hiyo Uingereza, ndiyo iliyokuja kuichukua kampuni ya soda ya Magadi, Kenya, mwaka 1924, mahali ambapo ziwa lilikwisha kuifanya kazi ya mnara.) Fritz Haber na Carl Bosch wa Ujerumani, katika kutengeneza amonia, nao hawakuwa na hiari. Naitrojeni na haidrojeni zikipita mara moja juu ya kichocheo, sehemu ndogo tu hugeuka amonia, kwa hiyo gesi sharti izungushwe tena na tena. Kiwanda cha Oppau, kilichofunguliwa mwaka 1913, kisingewezekana kwa mkupuo. Hapo nakubali kwamba hoja yangu haielezi mwanzo. Lakini soda na amonia huzalishwa kwa maelfu ya tani, na kwa bidhaa ya namna hiyo mfululizo hujitetea wenyewe. Mtihani wa kweli uko kwenye bidhaa ya kiasi kidogo, ambayo pipa lingeitosha kabisa.

Nitrogliserini ni bidhaa hiyo, na baadaye ikawa pia dawa ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Ascanio Sobrero aliitengeneza kwa mara ya kwanza Turin mwaka 1847. Alfred Nobel alipoifanya biashara, mlipuko wa mwaka 1864 huko Heleneborg, Stockholm, ulimuua mdogo wake Emil pamoja na watu wengine. Mmenyuko wenyewe ni wa kutoa joto: gliserini humiminwa polepole katika mchanganyiko wa asidi ya nitriki na asidi ya sulfuriki, na joto likizidi kiwango, pipa zima hulipuka. Katika kiwanda cha Ardeer, Scotland, mfanyakazi aliyelinda kipimajoto aliketishwa kwenye kigoda cha mguu mmoja ili akisinzia aanguke. Kigoda hicho huchekesha wageni wa makumbusho, ilhali kinasema wazi kwamba usalama wa pipa ulitegemea macho ya mtu mmoja. Kwa miongo mingi wataalamu waliboresha kipimajoto, mabomba ya kupozea na birika la maji la kuzamishia mchanganyiko ulioharibika. Pipa waliliacha palepale.

Waliokuja kuliondoa walikuwa wahandisi wa karne ya 20. Mswisi Mario Biazzi alijenga mitambo ya mfululizo katika miaka ya 1930, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wasweden wakaleta kifaa ambacho mkondo wa asidi wenyewe huinyonya gliserini na kuichanganya nayo papo hapo. Asidi ikikoma kutiririka, gliserini haivutwi, na mmenyuko unakufa bila mtu kushika valvu. Trevor Kletz, mshauri wa usalama wa kampuni ya ICI, alipenda kuutaja mfano huu: chombo kilichobeba takriban tani moja kilipisha kilichobeba kilo moja hivi, na muda wa kukaa humo ukashuka kutoka dakika 120 hadi 2. Kumbe mmenyuko haukuwa wa polepole hata kidogo. Kilichochelewa ni kuchanganyika. Kasi ilipatikana, naam, lakini ilikuwa tunda la kupunguza kilichomo.

Atakayenijibu kwamba mtiririko nao umeua watu ana ushahidi. Tarehe 1 Juni 1974 kiwanda cha Flixborough, Uingereza, kilichofanya kazi kwa mfululizo, kililipuka na kuua watu 28. Bomba la muda lililounganisha vyombo viwili lilipasuka, na wingu la saikloheksani likashika moto. Ila mmenyuko wa Flixborough ulikwenda taratibu mno, na sehemu ndogo tu ya kimiminika iligeuka kila kilipopita, hivyo vyombo vilijaa tani nyingi za kimiminika moto chini ya shinikizo. Huo ulikuwa mfululizo wa mapipa. Ajali hii haiivunji hoja. Inaisahihisha, kwa kuonyesha kwamba kutiririka bila kupunguza kilichomo hakuleti salama. Seveso, Italia, Julai 1976, ni upande wa pili: mkupuo uliokatishwa kwa ajili ya mapumziko ya wikiendi uliachwa pipani ukiwa bado na joto, ukachemka na kumwaga dioksini juu ya mji. Bhopal, India, Desemba 1984, kilichotoroka ni methili isosianeti, kemikali ya katikati iliyorundikwa kwa makumi ya tani ikisubiri kutumiwa. Kama ingetengenezwa na kuliwa na hatua inayofuata papo hapo, ghala hilo lisingekuwa na sababu ya kuwapo.

Basi kwa nini viwanda vya dawa, vinavyoshika kemikali kali kila siku, viling'ang'ania pipa? Jibu la kawaida ni kwamba dawa huhitajika kwa kilo chache na pipa moja linaweza kutengeneza dawa kumi tofauti kwa mwaka. Ni jibu zuri, lakini halitoshi. Nadhani kizuizi kikubwa kilikuwa daftari. Ubora wa dawa umehesabiwa kwa toleo: toleo lina namba, hupimwa, hupitishwa au hutupwa, na likiwa na kasoro hurudishwa kutoka madukani. Mkaguzi aliuliza, kwa haki, toleo linaanzia na kuishia wapi katika mto usiokatika. Mwongozo wa kimataifa wa ICH Q13, uliokamilishwa Novemba 2022, ulijibu kwamba toleo laweza kupimwa kwa kiasi kilichoingia, kilichotoka, au muda wa kuendesha mtambo kwa mwendo unaojulikana.

Waliotangulia mwongozo huo hawakwenda huko kwa kutafuta kasi tu. Mwaka 2017 Eli Lilly ilieleza jinsi ilivyotengeneza kilo 24 za prexasertib, dawa ya majaribio ya saratani, huko Kinsale, Ireland, kwa kilo 3 hivi kwa siku, katika mitambo midogo iliyoenea ndani ya makabati ya maabara. Hatua mojawapo ilitumia haidrazini, yenye sumu na inayoweza kulipuka, katika joto kali. Nyingine zilishughulikia dawa yenye nguvu kiasi kwamba vumbi lake ni hatari kwa mfanyakazi. Ni kisa cha nitrogliserini kilichorudi kikiwa kimevaa koti jeupe.

Afrika Mashariki huambiwa siku hizi kwamba mitambo midogo ya namna hii itatuwezesha kujitengenezea viambato vya dawa ambavyo viwanda vyetu huagiza zaidi India na China. Artemisinini, kiambato cha dawa za malaria, hutajwa kuwa mfano, na kwa sababu nzuri: pakanga hulimwa Kenya, Uganda na Tanzania, na mwaka 2012 maabara ya Peter Seeberger, Potsdam, ilionyesha kwamba asidi inayobaki baada ya kukamua mmea hugeuzwa artemisinini ndani ya mrija mwembamba uliozungushwa kwenye taa, mahali ambapo mwanga, usiopenya pipa lenye kina, huifikia kila sehemu. Kiufundi sina shaka. Lakini historia hii inaonyesha kwamba mrija huondoa hatari ya kilichorundikwa. Hauondoi hatari ya soko. Sanofi ilijenga kiwanda cha Garessio, Italia, kutengeneza artemisinini kutokana na hamira na mwanga. Bei ya ile ya shambani ilipoanguka chini ya dola 250 kwa kilo, kiwanda hakikutengeneza chochote mwaka 2015, na mwaka uliofuata kikauzwa.